Makaratasi kwanza, bando baadaye: laini ya simu kwa anayekwenda kukaa Ujerumani

Kila anayejiandaa kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja au zaidi huuliza swali lilelile kwenye makundi ya WhatsApp: kampuni gani ya simu ni nafuu? Majibu huja kwa wingi na hayafanani, kwa sababu kila anayejibu anasimulia hali yake. Mmoja anaishi Berlin na anakatwa benki kila mwezi. Mwingine yuko kijijini huko Bavaria, hununua kadi supamaketi. Wa tatu alisaini mkataba wa miaka miwili siku chache baada ya kushuka kwenye ndege na mpaka leo anaulipa. Wote wanasema kweli, ila swali lenyewe limeanzia katikati. Ujerumani, bei ya bando huja baada ya mambo mawili: karatasi ulizonazo mkononi wiki hiyo, na muda ambao kibali chako kinakuruhusu kukaa.

Tuanze na muda. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, lakini hata kabla ya hapo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakienda huko kwa milango tofauti. Au pair, yule anayeishi na familia na kulea watoto wao, hazidishi mwaka mmoja, na posho yake ni euro 280 kwa mwezi. Anayejitolea katika hospitali au nyumba ya wazee kwa kawaida hukaa miezi 12, na anaweza kuongezewa hadi 18. Anayesomea uuguzi kwa mfumo wa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ana miaka mitatu mbele yake. Watu hawa hawawezi kushauriwa laini moja, hata wakipanda ndege moja.

Kabla hujapata anwani

Tangu tarehe 1 Julai 2017, sheria ya Ujerumani inataka kila kadi ya malipo ya kabla (prepaid, unaweka pesa kwanza ndipo utumie) ithibitishwe kwa kitambulisho ndipo ianze kufanya kazi. Muuzaji lazima aandike jina lako, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mtanzania aliyezoea kuweka kidole kwa wakala hatashangaa. Ugumu uko kwenye njia ya kuthibitisha. Kadi za supamaketi huuzwa zikiwa kwenye pakiti, na kazi iliyobaki ni yako: unafungua simu ya video, mhudumu anakuambia uinamishe pasipoti huku na huku ili alama zake za usalama zing'ae, ndipo laini ifunguliwe. Si kila pasipoti ya nje inakubaliwa kwa njia hiyo. Halafu kuna kichekesho chake: simu ya video inataka intaneti, na intaneti ndiyo hiyo unayoitafuta. Ikishindikana, unaweza kwenda na pasipoti ofisi ya Posta, huduma inayoitwa PostIdent. Njia nyingine ni kununua laini kwenye duka la simu ambako muuzaji anaikagua pasipoti mbele yako. Mimi ningeanza na duka, hasa kwa mtu ambaye Kijerumani chake bado ni cha darasani.

Anwani nayo ina hadithi yake. Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha manispaa, shughuli inayoitwa Anmeldung, ingawa katika miji mikubwa kupata miadi kunaweza kuchukua muda zaidi ya huo. Cheti unachopewa huko ndicho kinachofungua milango mingine: akaunti ya benki, kibali cha ukaazi, mikataba. Kwa kadi ya malipo ya kabla mara nyingi pasipoti inatosha, nawe unataja anwani unakolala, iwe bweni au kwa familia iliyokupokea. Taja ya kweli. Ujerumani bado ni nchi ya barua za karatasi, na barua ya kampuni ya simu iliyopotea inaweza kurudi kwa sura ya deni.

Kwa siku zile za kwanza kabisa, eSIM ya wasafiri, laini isiyo na kadi ya plastiki, inasaidia. Kampuni kama Airalo na Holafly hukuuzia ukiwa bado nyumbani. Unaipakua kwenye simu, na ukitua Frankfurt intaneti inawaka. Lakini ni daraja tu. Nyingi ya eSIM hizo ni za data peke yake, hazina namba ya kupigiwa, na benki ya Ujerumani haiwezi kukutumia ujumbe wa uthibitisho kwenye namba usiyonayo. Bei ya kila GB ni kubwa ukiilinganisha na laini ya nchi. Tena data hiyo mara nyingi huzungukia nchi nyingine kabla ya kutoka mtandaoni, hivyo tovuti hudhani uko kwingine kabisa, na programu ya benki inaweza kukushuku. Wiki moja au mbili, sawa. Mwaka mzima ni kupoteza pesa.

Onyo moja hapa. Kuna kadi zinazouzwa vibandani zikiwa tayari zimefunguliwa, bila pasipoti wala maswali. Maana yake zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Siku namba hiyo ikizimwa, itaondoka na kila ulichokifungua kwa namba hiyo, na huwezi kwenda dukani kuidai kwa sababu kisheria si yako.

Minara ni ya nani

Ukiingia supamaketi utadhani Ujerumani ina kampuni za simu ishirini. Wenye mtandao ni wanne: Telekom, Vodafone, O2 iliyo chini ya Telefónica, na 1&1 iliyofungua mtandao wake wa simu za mkononi Desemba 2023 na bado hutegemea wa Vodafone pale ambapo haina minara yake. Wengine wote ni wauzaji wanaopanga kwenye minara hiyo. Aldi Talk, ya maduka ya Aldi, iko kwenye O2. Lidl Connect iko kwenye Vodafone. Congstar ni mtoto wa Telekom, na laini za Penny Mobil na ja! mobil hutumia minara hiyohiyo ya Telekom.

Kwa hiyo uliza kwanza mnara gani unafika unakolala na unakofanya kazi. Mjini haina shida, chukua yoyote iliyo rahisi. Kijijini mambo hubadilika, na nyumba nyingi za wazee zinazopokea wanafunzi wa uuguzi ziko hukohuko vijijini. Kwa ujumla Telekom ndiyo inayofika mbali zaidi, lakini bonde moja linaweza kuwa na mawimbi ya Vodafone peke yake. Mamlaka ya mawasiliano, Bundesnetzagentur, ina ramani inayoonyesha kila kampuni inafika wapi. Bora zaidi ni kumuuliza mfanyakazi mwenzako simu yake inashika wapi; swali hilo pia ni mazoezi mazuri ya Kijerumani.

Laini za supamaketi zina mtego mdogo wa hesabu. Bando zake nyingi ni za wiki nne, si za mwezi. Wiki nne zinaingia mara 13 katika mwaka. Bando la euro 10 linaloonekana kuwa euro 120 kwa mwaka ni euro 130. Si pesa nyingi, ila unapolinganisha na laini ya kulipia kwa mwezi, linganisha kwa mwaka mzima. Na wauzaji hawa wakati mwingine hupewa kasi ndogo kuliko wateja wa mwenye mnara. Kwa WhatsApp, ramani na video za kawaida hutaona tofauti.

Mkataba wa miezi 24

Hapa ndipo pesa za wageni wengi huvujia. Kwenye vituo vya treni na maduka makubwa kuna vijana wachangamfu wanaouza mikataba yenye simu mpya ndani yake, na simu hiyo wanaiita ya bure au ya euro 1. Fanya hesabu papo hapo: euro 40 kwa mwezi mara miezi 24 ni euro 960. Toa bei ya laini ya kawaida kwa muda huo, kinachobaki ndiyo bei ya simu, na mara nyingi ungeipata dukani kwa chini ya hapo. Kwa au pair ni mbaya zaidi. Kibali chake kinaisha mwezi wa 12, mkataba unaendelea hadi wa 24. Usitegemee kwamba kurudi nyumbani kutauvunja.

Sheria imelegezwa kidogo. Tangu tarehe 1 Desemba 2021, mkataba wa kwanza hauwezi kuzidi miezi 24, na kampuni lazima iwe na mkataba wa miezi 12 wa kukuonyesha pia. Muda huo ukiisha, mkataba hauwezi tena kukufunga mwaka mwingine mzima kama zamani. Unaweza kuukatisha wakati wowote kwa taarifa ya mwezi mmoja. Lakini lazima uukatishe mwenyewe. Kunyamaza si kukatisha, na kuacha pesa ziishe kwenye akaunti ndiyo njia mbaya kuliko zote. Deni huhamia kwa wakusanya madeni, gharama zao zinaongezwa juu yake, na jina lako linaweza kuishia Schufa.

Schufa ni kampuni inayohifadhi taarifa za ulipaji wa watu. Kampuni za simu huiangalia kabla ya kukupa mkataba, na wenye nyumba huomba karatasi yake kabla ya kukupa chumba. Mgeni hana rekodi yoyote huko, na kukosa rekodi kunaweza kutosha kukufanya ukataliwe mkataba. Watu hulichukulia jambo hilo kama dharau. Mimi naliona kama bahati: aliyekataliwa mwezi wa kwanza amelazimika kununua kadi ya malipo ya kabla, na hiyo ndiyo iliyomfaa tangu mwanzo.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji: ukinunua mtandaoni au kwa simu una siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, haki inayoitwa Widerruf. Ukisaini ndani ya duka lao, haki hiyo huna. Duka linaonekana salama zaidi kwa sababu kuna mtu wa kuzungumza naye, kumbe kwa mkataba ndipo pagumu kutoka. Kabla ya kusaini lazima wakupe muhtasari wa mkataba, Vertragszusammenfassung. Ni kurasa chache. Zipige picha, tafsiri kwa simu yako, angalia muda na bei baada ya miezi ya punguzo. Maneno ya kutafuta kwenye tangazo ni monatlich kündbar, yaani unaweza kuukatisha kila mwezi. Laini za namna hiyo zipo, baadhi hulipiwa kwa programu ya simu tu, nazo ndizo ningempa mtu wa miaka mitatu akishapata akaunti ya benki. Namba yako ya Kijerumani unaweza kuhama nayo kutoka kampuni moja hadi nyingine bila malipo, kwa hiyo kuanza na kadi ya supamaketi hakukugharimu kitu baadaye.

Matumizi na mipaka

Watu hununua GB nyingi kwa hofu. Angalia kwanza siku yako inapita wapi. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana eduroam, mtandao wa waifai wa vyuo unaomfungulia kwa akaunti yake ya chuo katika kila chuo kilichojiunga, Ujerumani na hata huku kwetu kupitia KENET, mtandao wa vyuo wa Kenya. Mabweni mengi na vyumba vya kushirikiana vina waifai ndani ya kodi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na GB 10 kwa mwezi na zikabaki. Simu ya sauti ya WhatsApp hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video: Netflix wenyewe wanasema saa moja ya ubora wa kawaida inaweza kufika GB 1, na ya ubora wa juu GB 3. Anayesafiri kwa treni kila siku kwenda kazini apakue vipindi vyake usiku.

Bando likiisha, laini nyingi hazikatiki; kasi inashushwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde au chini ya hapo. Ujumbe wa maandishi utapita, picha itasuasua, na ramani itakuacha njia panda.

Kama chumba hakina waifai, hesabu yote inabadilika. Waya wa intaneti una mkataba wake wa miezi 24 na fundi wa kusubiri. Mbadala ni ruta inayotumia laini ya simu, kama GigaCube ya Vodafone au Homespot ya O2, unayoichomeka ukutani na kuhama nayo. Jambo linalochanganywa sana na bili ya intaneti ni barua inayokuja baada ya Anmeldung ikidai euro 18.36 kwa mwezi. Huo ni mchango wa redio na televisheni ya umma, Rundfunkbeitrag, unaotozwa kwa kila nyumba hata kama huna televisheni. Mnaokaa pamoja mnalipa mmoja tu na kugawana. Barua hiyo usiitupe.

Ukivuka mpaka, habari ni nzuri. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya Ujerumani hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, kwa bei ya nyumbani, na utaratibu huo umeongezwa hadi mwaka 2032. Uswisi haimo. Anayekaa Konstanz au karibu na Basel anaweza kuwa amekaa chumbani kwake upande wa Ujerumani huku simu imeshika mnara wa Uswisi. Achague mtandao mwenyewe kwenye mipangilio badala ya kuiachia simu. Kumpigia mtu aliye Ufaransa wakati wewe uko Ujerumani nako si romingi, yaani kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi yake: ni simu ya kimataifa, na mara nyingi haimo kwenye bando la kupiga bila kikomo, ingawa sheria imeweka ukomo wa senti 19 kwa dakika kabla ya kodi.

Wajanja huuliza: kwa nini nisinunue laini ya bei rahisi ya nchi nyingine ya Ulaya nikaitumia Ujerumani daima? Kwa sababu kampuni inaruhusiwa kukuangalia kwa miezi minne. Ikiona muda mwingi na matumizi mengi yako ni nje, itakuonya, na siku 14 baadaye inaweza kuanza kukutoza nyongeza.

Laini ya nyumbani isife

Haya yote hayafiki uzito wa laini unayoiacha, kwa sababu kwetu namba ya simu ni pochi. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, namba ikawa akaunti, na leo benki, mikopo, chama cha akiba na huduma za serikali vyote hutuma namba za uthibitisho huko. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa inaweza kufungwa na namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo akifungua WhatsApp, yeye ndiye atakayepokea namba ya uthibitisho ya akaunti yako.

Kabla ya kuondoka, nenda dukani kwa kampuni yako ukafungue romingi na uulize mambo mawili: laini inakaa muda gani bila kutumika ndipo ifungwe, na ni kitendo gani kinachohesabika kuwa ni matumizi. Weka salio. Ukifika, zima data ya laini hiyo na uache ishike mawimbi tu. Kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje hakutozwi, ila kupokea simu hutozwa, kwa hiyo mwambie mama apige WhatsApp. Kila baada ya muda tuma ujumbe mmoja kwa laini hiyo. Weka pia namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp. Huna haja ya kuhamishia WhatsApp kwenye namba ya Kijerumani. Programu haijali intaneti inatoka laini gani.

Simu yenye nafasi mbili inatosha. Kama ina eSIM, ushauri wangu ni kuiacha laini ya nyumbani kwenye kadi ya plastiki na kuweka ya Kijerumani kwenye eSIM. Simu ikiharibika, plastiki unaihamishia nyingine kwa dakika moja, na eSIM ya Kijerumani utaipata tena kwa kampuni iliyo karibu nawe. Kinyume chake ni taabu. Kupata upya laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole Tanzania wakati wewe uko Leipzig kunaweza kukugharimu tiketi ya ndege.

Simu yenyewe pia ikaguliwe. Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021, kwa hiyo simu isiyopiga kupitia 4G kwenye mitandao yao hurudi kwenye 2G kila unapopiga, na Telekom imetangaza kuizima 2G yake mwaka 2028. Anayeanza uuguzi sasa atakuwa bado yuko huko au ndiyo anamaliza. Angalia kama simu ina bendi (masafa ya mawimbi) ya 20 na ya 28, ndizo zinazofika vijijini. Kisha ukishaweka laini ya Kijerumani piga simu moja na utazame juu ya kioo: ikiwa alama ya 4G inabadilika kuwa E au 2G, simu hiyo haifai kwa miaka mitatu.

Siku ya kuondoka, laini ya Kijerumani iwe miongoni mwa vitu vya mwisho kufungwa. Benki hutuma uthibitisho huko, mwenye nyumba anayerudisha dhamana ya chumba hupiga huko. Mwenye mkataba aukatishe mapema: tangu tarehe 1 Julai 2022 kila kampuni inayouza mikataba mtandaoni lazima iwe na kitufe cha kukatisha kwenye tovuti yake, na baada ya kukibonyeza unapata uthibitisho wenye tarehe, ambao ni wa kutunza. Mwenye kadi ya malipo ya kabla anaweza kudai salio lililobaki lirudishwe, lakini hurudishwa benki, na akaunti ya benki naye anataka kuifunga. Dai salio kwanza, akaunti ifuate. Kama ni euro 3 tu, zimalizie kwenye simu za kuaga.